Kutema mvinyo mbele ya mwenyeji

SWALI: Kamwene mama. Mimi na mume wangu tunaishi Mafinga. Mwezi wa nane tunakwenda Dodoma kwenye harusi ya shemeji yangu, na wenyeji wetu wametupangia kutembelea kiwanda cha mvinyo tukaonjeshwe. Mume wangu kazoea ulanzi, pombe yetu ya mianzi; mimi mvinyo nauonja kwenye sherehe tu. Nasikia huko watu wanaonja kisha wanatema. Kwetu ukitema kinywaji cha mwenyeji umemtukana. Tufanyeje tusiaibike? (Mama wa Wawili, Mafinga)

JIBU: Kamwene mwanangu. Hofu yako ni ya mtu aliyelelewa vizuri, lakini itulize. Mezani mtakuta ndoo ndogo au jagi tupu. Aliyeliweka ni mwenyeji mwenyewe, na kaliweka mlitemee. Atakuwa na mvinyo wa aina kadhaa wa kuwaeleza, na mvinyo wa kawaida una kilevi cha asilimia 11 hadi 14 hivi. Mkimeza kila glasi, mtakapofika kwenye ule anaojivunia ulimi umeshachoka na maelezo hayaingii. Inama kidogo, tema taratibu, endelea kumsikiliza. Anachokitaka kwenu ni masikio.

Namna ya kuonja ni hii: shika glasi kwenye mguu wake, itazame rangi kwenye mwanga, izungushe kidogo, nusa, kisha chukua kiasi cha kijiko na ukipitishe mdomoni kote. Watawaanzishia mweupe, uje mwekundu, mtamu mwishoni, maana ukitangulia mtamu unaofuata wote utauona mchungu. Na manukato ya harusini, tafadhali, yasubiri hadi jioni. Yatafunika harufu ya mvinyo wako na wa jirani yako.

Ukifika kwenye mwekundu utahisi ufizi unakauka. Usidhani umeharibika. Ni ukakasi, kama wa chai ya Mufindi iliyolala kwenye birika bila maziwa. Unatoka kwenye maganda na mbegu, kwa sababu zabibu za mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na rangi inatoka humo humo. Za mweupe hukamuliwa kwanza, juisi ndiyo inayochachushwa peke yake.

Mumeo naye asijione mgeni. Mtu anayeweza kuonja ulanzi akakuambia huu ni mtogwa, bado mbichi na mtamu, na ule umeshakolea, tayari anajua jambo kubwa kuliko yote watakayoelezwa kule: hamira inakula sukari na kuacha kilevi. Ikiila karibu yote, mvinyo unaitwa mkavu. Ikibaki sukari ya kutosha, unakuwa mtamu. Amuulize anayewaonjesha, kila glasi, sukari imebaki kiasi gani. Nakuhakikishia watazungumza kama wagema wawili.

Mmechagua mwezi mzuri. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo wakulima wanaupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Zabibu za kiangazi hazinyeshewi zikiiva, basi sukari inakaa vizuri na ukungu unapungua. Ombeni mpitishwe shambani kabla ya kuonja. Ulizeni pia zabibu zimenunuliwa kwa wakulima gani na kwa bei gani kilo. Swali hilo nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu jasho la mkulima wa Dodoma ndilo limo kwenye glasi, na mgeni akiuliza, mwenye kiwanda anajua kuna anayejali. Kama wana mvinyo wa zabibu za Makutupora, jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, msiondoke bila kuuonja.

Usipopenda kitu, sema: huu kwangu ni mkali, nipe laini zaidi. Hilo linamsaidia, sifa za uongo hazimsaidii.

Kuleni kwanza chakula kisicho na pilipili nyingi. Atakayeendesha siku hiyo ateme kila tone, au bora asionje kabisa. Mkirudi kwa njia ya Mtera, mlima Nyang'oro una kona za kutaka macho makavu. Chupa mtakazonunua zilazeni chini ya kiti, mzifunike kwa khanga, na mkisimama Mtera kununua samaki msiziache kwenye gari lililofungwa juani, maana mvinyo ukipata moto ladha inaharibika.