Kabla hujaiamini rangi ya bluu

Mara ya kwanza kutumia rangi ya bluu ya Evans, inayoonyesha kama mishipa ya damu inavuja, nilidhani nimegundua jambo. Ubongo wa kila panya ulitoka bluu, waliopewa dawa na wasiopewa. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Uliosha damu?"

Nilikuwa nimeosha kidogo, kwa haraka.

Rangi hii ikiingia kwenye damu hujishika na albumini, protini ya damu yenye uzito wa kama kilodaltoni 66 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Mshipa mzima hauipitishi kirahisi. Unaovuja huiachia, ikabaki kwenye nyama. Kwa kipimo cha aina hii, kwenye ngozi ya simbilisi, Donald Senger, Harold Dvorak na wenzao walionyesha mwaka 1983 kwamba uvimbe wa saratani hutoa kitu kinachovujisha mishipa. Leo kinaitwa VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kukua.

Lakini damu iliyobaki ndani ya mshipa nayo ni bluu! Panya akiwa amelala fofofo kwa dawa ya usingizi, ingiza maji ya chumvi kupitia ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo), kata atiria ya kulia (chumba cha juu) ili damu itoke, na usiache mpaka yanayotoka yawe meupe. Mimi hutazama ini: likikataa kupauka, siendelei kana kwamba mambo ni sawa.

Sindano ya rangi kwenye mshipa wa mkia ndiyo hutesa wageni. Pasha mkia joto kwanza, sukuma taratibu. Ukiona ngozi inavimba bluu, rangi imeingia pembeni na hujui kiasi kilichofika kwenye damu. Mwondoe panya huyo kwenye hesabu, na uandike daftarini siku hiyohiyo, kabla hujaona matokeo (baada ya hapo kila mtu hupata sababu nzuri). Wala usizidishe rangi ili picha ipendeze. Albumini ikielemewa, rangi huru, isiyoshikwa na albumini, ambayo haifiki hata kilodaltoni 1, hupenya yenyewe.

Siku hizi huwa na panya mmoja wa kulinganishia: histamini, kemikali inayovujisha mishipa, chini ya ngozi upande mmoja wa mgongo, maji ya chumvi upande wa pili. Histamini isipoacha doa, siilaumu dawa ninayoipima.

Kutoa rangi kwenye nyama natumia fomamaidi, kimiminika kinachoiyeyusha, nyuzi 55, saa 24, kisha napima mwanga wa nanomita 620 unaofyonzwa na rangi na kugawa kwa uzito wa nyama. Viwango vya kulinganishia, yaani sampuli zenye kiasi cha rangi kinachojulikana, viandae kwa fomamaidi hiyohiyo, si kwa maji. Vaa glavu, kimiminika hicho kinaweza kudhuru mimba.

Msimamizi bado ana swali lake lilelile. Nikienda kwake sasa, natanguliza picha ya ini.