Akate humo humo: nilivyojitoa kwenye wiki ya hoteli niliyouziwa Mombasa

Mimi ni mtu wa manunuzi. Kazini kwangu, kule Mtumba jijini Dodoma, mshahara naupata kwa kukataa. Mzabuni akileta bei moja namrudisha alete tatu, na akiniambia ofa inaisha leo najua kuna kitu anakificha. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani aliyeingizwa mjini katika habari hii alikuwa mtu asiyejua mikataba.

Novemba 2018 nilipelekwa semina Mombasa. Jumamosi, semina imeisha, natembea zangu, kijana mmoja akanipa kadi ya kukwangua. Nikakwangua. Nimeshinda! Yeye alishangaa kuliko mimi. Zawadi yenyewe, chakula cha jioni cha watu wawili, ilikuwa inachukuliwa kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini, baada ya maongezi ya dakika 90, na gari la kunipeleka lilikuwa limeshawashwa. Tukavuka Likoni kwenye kivuko, bado najiona mjanja.

Maongezi yalichukua saa nne. Dada aliyenipokea aliniuliza nina watoto wangapi, akaandika majina yao pembeni ya karatasi, na kuanzia hapo hakusema tena "wanao" bali aliwataja mmoja mmoja kana kwamba ni shangazi yao. Bei ilianza dola 7,000. Nikakataa. Akaja meneja, dola 4,500. Nikainuka. Akaja mkubwa wa meneja, akakata 4,500 kwa kalamu nyekundu, akaandika 3,200, akasema nikitoka tu mlangoni bei hiyo imekufa. Kwa akili ya kazini ningejua kwamba kitu kinachoshuka zaidi ya nusu ndani ya alasiri moja hakina bei. Kwa akili ya siku ile niliona nimewabana. Nikatoa kadi ya benki, dola 800 za kuanzia, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nilichonunua wenyewe wanakiita taimusheya. Unalipia haki ya kutumia chumba chenye jiko kwa wiki moja kila mwaka. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka 20. Chumba si chako, hati huna, umenunua uanachama tu. Biashara hii ilianza Ulaya miaka ya 1960, ni halali, na wapo wanaoifurahia, hasa mtu anayeishi karibu na asiyehesabu sana hela. Mimi naishi Ilazo, Dodoma. Desemba 2019 nilibeba mke na watoto watatu: Chalinze, Segera, Tanga tukalala, asubuhi Horohoro tukapanga foleni ya pasipoti. Tulifika watoto wamevimba miguu. Ndiyo safari pekee tuliyofanya.

Ila bei ya kununua siyo inayouma. Inayouma ni ada ya matunzo ya kila mwaka, uende usiende. Kwangu ilianza dola 240. Mwaka 2020 dunia nzima imejifungia ndani, ankara ikaja vilevile. Mwaka 2021 ikawa 270, uliofuata 290. Mkataba uliruhusu ada ipande bila kutaja mwisho wake, na nilipousoma vizuri nikakuta kifungu cha warithi. Maana yake Neema wangu, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa kwenye foleni ya kuipokea.

Sasa, kwa aliyesaini wiki hii: acha kusoma hadithi yangu, hesabu siku. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inamruhusu mnunuzi wa taimusheya kuuvunja mkataba bila kutoa sababu yoyote, mpaka siku 10 baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa siku 14, Florida kule Marekani siku 10. Tazama mkataba wako unafuata sheria ya nchi gani, hilo limeandikwa mle ndani, kwa kawaida kurasa za mwisho. Kisha andika. Usipige simu, maana kwenye simu yupo mtu analipwa kukuzungusha mpaka siku ziishe. Barua ya mistari mitatu inatosha: namba ya mkataba, tarehe, "navunja mkataba huu, naomba nirudishiwe fedha zangu". Itume kwa barua pepe, na nakala kwa njia ya posta yenye risiti. Mimi mkataba wangu ulilala kwenye begi la semina, chini ya fulana ya semina, kwa miezi miwili.

Baada ya hapo walikuja waokoaji, na kusema kweli hao ndio walionifanya niandike haya.

Wa kwanza alipiga katikati ya 2021. Alijua jina langu lote, namba ya uanachama, hata wiki yangu ni ya ngapi kwenye kalenda. Orodha za wanachama huvuja na kuuzwa, kwa hiyo mtu kukujua hivyo hakuthibitishi chochote. Wakati ule mimi niliamini kabisa. Akasema ana mnunuzi, mzungu, anatoa dola 5,500. Angalia nilivyochezewa: nilinunua 3,200, nimeshindwa kuitumia, halafu mtu ambaye hajaiona anaitaka kwa karibu mara mbili. Kwenye soko la kweli la kuuza upya, wiki nyingi za aina hii hazipati mnunuzi hata kwa bei ya soda, kwa sababu anayenunua ananunua na zile ada. Yeye alihitaji tu "ada ya uhamisho". Nikaenda kwa wakala pale karibu na soko la Majengo, nikatuma shilingi 870,000 kwenye jina la mtu binafsi. Akaniambia, na hili bado linanichoma, "Mzee, weka na ya kutolea." Nikaweka.

Wiki mbili baadaye akarudi: mnunuzi ameshalipa, hela imekwama kwenye kodi, nitume dola 600 iachiwe. Hapo sikuwa nazo, ikabidi nimwambie mke wangu. Alikuwa sebuleni anajaza mafuta ya alizeti kwenye chupa za dukani kwake, faneli mkono mmoja, dumu mkono mwingine. Nikamweleza yote, kuanzia kadi ya kukwangua, kwa sababu hata ile 870,000 alikuwa haijui. Hakupandisha sauti. Alimaliza chupa, akafunga kizibo, akauliza:

"Si umesema hela yako anayo yeye?"

"Anayo."

"Basi akate humo humo."

Nikampigia yule bwana, simu nikaiweka spika. Nikamwambia akate kodi kwenye zile dola 5,500, akate na ada yake, akate hata ya soda, aniletee kitakachobaki. Kimya. Kisha akaanza kunieleza kanuni za benki kuu, sauti imepanda. Nikamrudia: kata humo humo. Akakata simu, na namba ile haijawahi kupatikana tena.

Tangu siku hiyo ndicho kipimo changu, na sijakutana na tapeli wa taimusheya anayekivuka. Dalali wa kweli wa nyumba au gari hula kwenye mauzo. Huyu anataka kula kabla hakijauzwa kitu. Ulaya sheria yao inakataza kabisa anayekuuzia wiki yako kuchukua hela kabla mauzo hayajakamilika, na hawakuitunga kwa bahati mbaya. Tena msidhani hawa ni vibaka wa kujitafutia nauli: Machi 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni nane za Mexico kwa ulaghai wa taimusheya uliohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco. Mimi nilidhani naongea na kijana mmoja mwenye laini mbili.

Wa pili alikuja 2022 na suti. Yaani kwenye picha ya wasifu wa WhatsApp alikuwa na suti. Wakili, Nairobi, anashughulikia "fidia" kwa waliotapeliwa, na jina langu limo kwenye orodha ya mahakama. Huyu ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu amekuja wakati unatamani haki. Wanaokupiga mara ya kwanza, wao au wenzao, hurudi wamevaa kofia ya kukusaidia. Chama cha Wanasheria cha Kenya kina sehemu kwenye tovuti yake ya kutafuta wakili kwa jina. Nilitafuta, jina halipo. Kwetu Mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwa kazi hiyohiyo. Dakika tano tu. Na hata ukimkuta wakili wa kweli, usimsainie hati ya uwakilishi, ile inayompa mamlaka ya kutenda kwa jina lako, ili "ashughulikie yote". Mwandikiane kazi ipi, kwa bei ipi.

Wapo pia wanaokushauri uache tu kulipa ada, watakuelekeza. Inawezekana ikawa njia, lakini soma kwanza. Mkataba wangu ulisema usipolipa miaka miwili unapoteza wiki na deni linabaki palepale. Kama ningewasikiliza ningekuwa nimepoteza vyote viwili na kuwalipa wao juu.

Njia iliyonitoa haina utamu wa kusimulia. Niliiandikia kampuni yenyewe. Mara ya kwanza hawakujibu. Mara ya pili wakanipa ofa ya "kupanda daraja" kwa dola 1,900, eti ndipo nitaweza kutoka kirahisi. Nilicheka peke yangu ofisini. Mara ya tatu niliandika kama ninavyowaandikia wazabuni wakorofi: natambua ada ya 2023, dola 310, nitailipa, baada ya malipo hayo narudisha wiki bila kudai chochote, naomba barua yenye sahihi na muhuri inayosema uanachama umekoma, sidaiwi, na warithi wangu hawadaiwi, nisipojibiwa ndani ya siku 21 napeleka malalamiko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Nikaambatisha risiti zote tangu 2018. Wakajibu siku ya 16.

Sikulipa 310 mpaka nilipopata rasimu ya barua ile na kuisoma mstari kwa mstari. Rasimu yao iliwasahau warithi. Nikairudisha, wakaongeza. Nikalipa kwenye akaunti ya kampuni ileile iliyo kwenye mkataba, si kwa mtu. Kisha nikaenda benki kwangu kuhakikisha kadi yangu haina tena ruhusa ya kukatwa na wao. Mkataba unaweza kufa na makato yakaendelea, maana mashine haisomi barua.

Hesabu ya mwisho, kwa wanaopenda namba: dola 3,200 za kununua, 1,350 za ada za miaka mitano, jumla 4,550 kwa wiki moja ya kulala, ukiacha nauli na ile 870,000. Sikurudishiwa hata senti. Watu huniuliza kwa nini sikupigania nirudishiwe. Ningeweza kujaribu, udanganyifu wa muuzaji ukithibitika unaweza kuubatilisha mkataba. Lakini kuthibitisha ni ushahidi, na mimi ahadi zote tamu niliambiwa kwa mdomo, mkataba wenyewe ulikuwa na kifungu kwamba maneno ya mdomo hayahesabiki, na kesi ingekuwa Kenya. Nilipima nauli, nikaamua. Wewe kama una ujumbe wa maandishi au rekodi, kaa na wakili, pima upya.

Kwa aliyepigwa na mwokoaji wa simu hapa nchini: ujumbe wake utume kwenda 15040, ile namba ya TCRA, na katoe taarifa polisi ukiwa na kumbukumbu ya muamala. Piga simu mtandao wako saa hiyohiyo, maana muamala ukishatolewa hakuna wa kuuzuia. Mimi nilichelewa wiki mbili kwa aibu ya kumwambia mke wangu, na hizo wiki mbili ndizo alizozihitaji yule bwana.

Ile barua usiitupe. Januari 2024 ankara ya ada ikaingia kwenye barua pepe yangu kama kawaida, dola 330, na salamu za mwaka mpya. Nikajibu mstari mmoja, nikaambatisha barua yao wenyewe. Siku ya tatu wakaomba radhi kwa usumbufu. Haijaja nyingine mpaka leo, ila nakala halisi ipo ndani ya sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja, na Neema, ambaye sasa yuko sekondari, nimemwonyesha ilipo.