Wote wanasema "pazuri", mbona hawarudi?

SWALI: Habari za kazi. Nina mgahawa mdogo, nimepaka rangi upya nikabadilisha na taa, halafu kila meza nimeweka kikaratasi chenye swali moja, "Umeyaonaje mazingira yetu?" Karibu wote wanaandika pazuri, ila wanakula haraka haraka wanaondoka na wengine siwaoni tena. Nitajuaje wanapaonaje kwa ukweli?

JIBU: Ndugu yangu, mtu kashashiba, anasubiri chenji, mhudumu kasimama pembeni yake, unategemea aandike nini kama sio pazuri? Swali lako limebeba vitu vingi mno kwa mpigo. Rangi ya ukuta kaipenda, kiti kimemuumiza mgongo, sasa hapo ajibu lipi?

Mwaka 2008 watafiti wawili, Kisang Ryu na SooCheong Jang, walitoa kipimo kinaitwa DINESCAPE. Wao waliyavunja mazingira mafungu sita: mwonekano na mapambo, hewa ya ndani (muziki, harufu, joto), mwanga, vitu vya mezani, mpangilio wa viti, na wahudumu. Jumla kauli 21. Chakula hakimo kabisa, wahudumu wamo, yaani usafi wa nguo zao na kama wanatosha, maana mteja akiwa amekaa hao nao ni sehemu ya anachokiona. Ila angalia, kilitengenezwa kwa migahawa ya hadhi ya juu, kwa hiyo ya vitambaa vya mezani kama huna we toa tu.

Andika kauli, usiulize swali. "Nafasi kati ya meza inanitosha", mteja anazungushia namba, 1 sikubali kabisa mpaka 7 nakubali kabisa. Kauli moja kitu kimoja, ukiandika "muziki na taa ni nzuri" umeharibu tayari. Na ukishakusanya usijumlishe zote upate wastani mmoja, utajikuta una 5 nzuri tu kumbe mpangilio wa viti una 2 na ndo unaowafukuza.

Hilo la kuondoka haraka mimi ningeanzia kwenye spika. Mwaka 1986 mtafiti Ronald Milliman alichapisha jaribio lake la mgahawani: muziki wa taratibu watu walikaa kama dakika 56, wa kasi dakika 45, hela ya chakula haikupishana sana ila ya vinywaji ilipanda muziki ukiwa wa taratibu. Mteja hawezi kukuandikia hayo kwenye karatasi, hata hajui, ni wewe na saa yako.

Halafu kaa kwenye kila kiti chako, kweli kabisa, jioni watu wakiwa wamejaa. Ukiona mtu anamulika menyu kwa tochi ya simu au kakunja tishu kaiweka chini ya mguu wa meza, huyo kashajibu dodoso lako zamani. Na hicho kikaratasi kipeleke kabla bili haijafika.