Kwa Unayetaka Kuchimba Bwawa la Koi Dodoma

Kabla hujamwita fundi, chungulia ndani ya birika lako la kuchemshia maji ya chai. Ukiona ukoko mweupe umeganda kwenye kuta zake, umeshapata somo la kwanza. Maji yetu mengi hapa Dodoma hutoka ardhini, yawe ya visima vya Makutupora au ya kisima cha jirani, na yamebeba madini mengi. Wenyewe tunayaita maji ya chumvi. Koi, samaki wa rangi wanaofugwa kwa mapambo, huyavumilia vizuri. Hatari huja maji hayo yanapokutana na uchafu wa samaki wenyewe.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Sehemu ya amonia hiyo ni sumu kali na sehemu haina madhara makubwa, na kinachoamua mgawanyo huo ni pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali au ualkali wa maji, pamoja na joto lake. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo anayefuga kwenye maji laini, mahali penye baridi, anaweza kukosea kidogo na samaki wake wakapona. Wewe wa Nkuhungu au Nzuguni, mwenye maji magumu yenye madini, ambayo pH yake huwa juu, na jua la Oktoba, huna nafasi hiyo.

Nililijua hilo kwa kupoteza samaki. Bwawa langu la kwanza lilikamilika Ijumaa, niru bado mbichi. Nililijaza maji ya bomba, na Jumapili nikaweka koi kumi na wawili. Siku ya nne asubuhi saba walikuwa wanaelea, na waliobaki walikuwa wamesogea juu wakihema. Aliyeniuzia aliniambia niongeze maji tu. Niliongeza, wakafa wote. Nilikuwa nimekosea mara tatu: chokaa ya saruji mpya ilikuwa imepandisha pH, maji ya bomba yalikuwa na klorini, na hapakuwa na kiumbe chochote cha kuila amonia.

Kiumbe hicho ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Bakteria hao wanaishi kwenye chujio, wameshika kokoto, vipande vya neti kuukuu au chochote chenye nafasi nyingi ya kujishikiza. Kuzaliana hadi kutosha huwachukua kama wiki sita. Hakuna njia ya kuwaharakisha inayoshinda kuomba kokoto chafu kutoka chujio la mfugaji ambaye samaki wake ni wazima. Ukilisafisha chujio, lisuuze kwa maji ya bwawa lenyewe, kwa sababu klorini ya bombani itawaua bakteria na utarudi ulikoanzia.

Bwawa la saruji lijaze, liache wiki nzima, limwage, kisha rudia mara tatu au nne mpaka kipimo cha pH kitulie. Najua inauma kumwaga maji katika mji wenye mgao. Panga kazi hiyo iende sambamba na bustani. Kama bajeti inaruhusu, tandika nailoni ngumu ya bwawa, utaepuka shida ya chokaa kabisa.

Kuhusu ukubwa, usimsikilize anayekwambia mita moja kwa mbili inatosha. Koi ni jamii ya kapu (kwa Kiingereza carp), samaki ambao Wajapani wa Niigata walianza kuwachagua kwa rangi karne ya 19. Akitunzwa hufikia sentimita 60 na kuishi zaidi ya miaka ishirini. Mimi nahesabu lita 1,000 kwa kila samaki. Bwawa langu la sasa ni mita 4 kwa 3, kina cha maji mita 1.2, yaani lita 14,400, na sijazidisha koi kumi na wawili. Chimba kiangazi, kuanzia Mei, udongo ukiwa mkavu. Inua ukingo sentimita ishirini juu ya ardhi ili mvua za Desemba zisisombe matope ya uani kuyaingiza bwawani. Na kaa mbali na mwarobaini, hata kama kivuli chake kinavutia: majani yake yana dawa inayodhuru samaki. Tumia neti ya kivuli.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Miezi ya upepo, bwawa langu hupungua karibu nusu sentimita kwa siku. Hiyo ni lita 60, madumu matatu. Mtu anajazia madumu yake matatu kila jioni na anaamini amebadilisha maji. Hajabadilisha. Jua limechukua maji peke yake. Chumvi, naitreti na madini vimebaki palepale, na kila dumu linaongeza mengine. Lazima utoe ndipo uweke. Natoa sehemu moja ya kumi kila wiki, kama lita 1,400, na yanakwenda kwenye mizabibu na mipapai. Maji mapya hutangulia kukaa siku mbili kwenye simtanki lililo wazi ili klorini itoke. Ukitibu samaki kwa chumvi, kilo tatu kwa kila lita 1,000, maji hayo usiyapeleke kwenye mizabibu.

Umeme ukikatika usiku, amka. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na mwani unaokupa oksijeni mchana huitumia usiku, hivyo saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mimi nimeweka pampu ndogo ya hewa ya betri. Kabla ya hapo nilikuwa nachota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu, saa nzima, na samaki walipona.

Chakula ni kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, kinachokwisha ndani ya dakika tano. Koi hana tumbo la kuhifadhia chakula. Juni na Julai, asubuhi za baridi, subiri jua lipande kwanza. Samaki mgeni akae tangi la peke yake wiki tatu au nne. Akijikwaruza ukutani au akibana mapezi, pima maji kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Mdiria na korongo watakuja, kwa hiyo funika kwa wavu. Ukiwa na watoto wadogo, uzio ujengwe kabla maji hayajaingia.

Na siku ukizidiwa na samaki, wagawie wafugaji wenzako, hata bure. Usiwapeleke kwenye mabwawa ya Hombolo wala Mtera ukidhani umewahurumia. Kapu hufukua matope akitafuta chakula, huchafua maji na kung'oa majani ambamo samaki wengine wanatagia, na wapo wavuvi wanaolisha familia zao kwa mabwawa hayo.