Naunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu: orodha hii ya vifaa iko sawa?

Swali: Shikamoo fundi. Nimejibana muda mrefu na sasa nataka kuunda kwa mikono yangu kompyuta ya gemu, ya kwanza maishani. Skrini ninayo tayari, ni ya pikseli 2560 kwa 1440, Hz 165 (yaani inabadilisha picha mara 165 kwa sekunde). Nacheza zaidi michezo ya magari na ile mikubwa ya kuzurura kwenye ramani pana, na mara mojamoja ya kufyatuliana risasi na wenzangu mtandaoni. Orodha yangu: prosesa ya Ryzen 9 7900X, ubao mama wa B650 saizi ya ATX, ramu za DDR5 vipande vinne vya GB 16, kadi ya GeForce RTX 4060 ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 500, na kasha la micro-ATX lenye kioo mbele linalouzwa pamoja na pawa saplai yake ya wati 750. Nimekosea wapi? Halafu naogopa kuunguza kitu siku ya kuunganisha.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Orodha nimeisoma mara mbili. Kuna jambo umelifanya vizuri ambalo wengi hulikosa: umeanza na skrini. Ila ulipotoka hapo ukaenda kumalizia hela kwenye prosesa, na kadi ya grafiki ikaachiwa makombo. Kwenye kompyuta ya gemu mambo huwa kinyume, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kila fremu, yaani kila picha moja unayoiona kwenye skrini, hupitia mikono miwili. Prosesa hupanga: gari lako liko wapi, mpinzani anakata kona gani, risasi imegonga nini. Ikimaliza hukabidhi mpango huo kwa kadi, na kadi ndiyo inayopaka rangi pikseli moja moja. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo, yako ina karibu milioni 3.7. Prosesa haioni tofauti yoyote hapo, kwa sababu gari ni lilelile na kona ni ileile. Mzigo wote ulioongezeka unaiangukia kadi. Na ukitaka fremu 100 kwa sekunde, kadi ina milisekunde 10 tu za kumaliza kila picha kabla nyingine haijabisha hodi.

RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, si kadi mbaya. Hutumia wati 115 tu, haina joto kali, na kwenye skrini ya 1080 inafanya kazi kwa raha. Kinachonitia wasiwasi kwako ni zile GB 8. Michezo mikubwa ya ramani pana hujaza kumbukumbu ya kadi kwa picha za kuta, barabara, nyasi na nguo za watu. Ikijaa, zinazobaki hupelekwa kwenye ramu ya kawaida na kuvutwa kupitia njia ya PCIe inayounganisha kadi na ubao, ambayo ni ya polepole mno ukilinganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe. Matokeo yake utayaona kwa macho: unaingia mjini, kona ya kwanza laini, ya pili laini, ya tatu picha inaganda kidogo, kisha ukuta wa jengo unatokea kama umepakwa tope na baada ya sekunde ndipo matofali yanapojichora. Kipimo cha wastani wa fremu bado kitakuonyesha namba nzuri. Ni kile kigugumizi kinachochosha, na ukipunguza ubora wa picha ili kiishe, utajiuliza skrini ile uliinunulia nini.

Kwa hiyo tafuta kadi ya GB 16. Zilizotoka mwaka 2025 katika daraja linalokufaa ni RTX 5060 Ti na Radeon RX 9060 XT. Hapa soma boksi kwa makini sana, maana zote mbili zinauzwa za GB 8 na za GB 16 kwa jina lilelile. Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukikuta RX 7800 XT ya mwaka 2023 kwa bei nzuri, nayo ina GB 16 na ina nguvu ya kutosha kwa skrini yako, isipokuwa inakula umeme zaidi, hadi wati 263.

Hela ya kupanda ngazi hiyo itatoka kwenye prosesa. Ryzen 9 7900X ina koa 12 (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), na anayehariri video au kutengeneza programu kubwa atazifurahia. Gemu nyingi hazizipi koa zote hizo kazi ya maana. Zaidi ya hapo, prosesa hiyo inaweza kuvuta hadi wati 230 na haiji na feni ndani ya boksi, kwa hiyo kuna kipoozeo kikubwa cha kununua ambacho hukukiandika popote. Chukua Ryzen 5 7600. Ina koa 6, imepangiwa wati 65, na feni yake imo ndani ya boksi. Feni hiyo ina kelele kidogo ikibanwa na kazi, lakini inatosha kuanzia.

Najua neno "koa 6" litakuuma ukilitazama kando ya 12. Tazama soketi badala yake, yaani kitako cha prosesa kwenye ubao. Ubao wa B650 una soketi ya AM5, na AMD wametangaza kuihudumia angalau hadi 2027. Ile ya kabla yake, AM4, ilianza 2016, na mwaka 2022 bado ikapata Ryzen 7 5800X3D, prosesa iliyowapa uhai mpya watu waliokuwa na mbao za zamani. Walisasisha tu BIOS, programu ya ndani ya ubao, na kubadilisha prosesa. Nawe miaka michache ijayo unaweza kung'oa 7600 na kupachika 7800X3D au mojawapo ya zilizoifuata, bila kugusa kitu kingine zaidi ya kipoozeo. Kompyuta yako ikishasimama, utajua mwenyewe kama wakati umefika: shusha mchezo kutoka 1440 hadi 1080. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki palepale, ni prosesa.

Ramu: vipande viwili vya GB 16, basi. Vinne si ongezeko tu, vinageuka mzigo. Kwa Ryzen za 7000, AMD wanaidhinisha kasi ya DDR5-5200 ukiwa na vipande viwili, lakini ukijaza nafasi zote nne kiwango kinashuka hadi 3600. Kwa vipande viwili watu hutumia hata ya 6000 bila shida, na ndiyo ninayoipendekeza. Uichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uingie BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili. Usipoiwasha, itatembea kwa kasi ya chini ya kuanzia na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya.

SSD iwe ya TB 1, ya NVMe (aina ya kasi inayochomekwa kwenye ubao). Michezo inayozidi GB 100 si ajabu siku hizi, na hiyo 500 itajaa kabla hujazoea kiti. Usilipie ziada kwa ile ya kasi kuliko zote, kwenye gemu tofauti ni ndogo sana.

Sasa pawa saplai, na hapa nakuomba unisikilize kama mdogo wangu kweli. Ile inayokuja na kasha, isiyo na jina wala karatasi ya vipimo, usiiwashe. Wati 750 zilizoandikwa ubavuni hazikuambii ni ngapi zinazopita kwenye njia ya volti 12, na karibu kila kifaa cha gharama kwenye kompyuta yako kinakula kwenye njia hiyo. Hesabu yako halisi ni ndogo: RTX 5060 Ti wati 180, prosesa chini ya 90, vilivyobaki tuseme 70. Jumla haifiki 350. Kadi huwa na vishindo vya ghafla vya kuvuta umeme, kwa hiyo ukinunua ya wati 650 iliyo nzuri umejiachia nafasi ya kutosha. Nzuri ni ile yenye ulinzi dhidi ya volti na mkondo kupita kiasi, dhamana ndefu, na iliyofunguliwa na kupimwa na wakaguzi huru. Nembo ya 80 Plus inaonyesha haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Haithibitishi kwamba ulinzi huo umo.

Na kebo zake zisichanganywe na za pawa saplai nyingine, hata kama zinaingia. Nilifanya kosa hilo nikiwa tayari najiita fundi. Nilibadilisha pawa saplai, nikaacha kebo ya zamani ya diski kwa sababu ilikuwa imeshafungwa vizuri nyuma ya kasha. Upande wa diski plagi zote zinafanana, ila upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka. Nilipobonyeza swichi nilisikia "tik" moja, ndogo, na harufu ikafuata. Volti 12 zilikuwa zimeingia mahali pa volti 5. Diski ile ilikuwa na picha za familia za miaka minne, na hazikurudi.

Kasha libadilishe pia, kwa sababu mbili. Ubao wa ATX una urefu wa milimita 305, na wa micro-ATX 244, kwa hiyo wako hautaingia kabisa kwenye kasha hilo; ama ununue kasha kubwa zaidi au ubao mdogo wa B650, ambao utakutosha bila tatizo lolote. Pili, kioo mbele huziba pumzi. Chagua lenye wavu mbele, feni mbili zinazovuta na moja nyuma inayotoa. Kabla ya kulipa, linganisha urefu wa kadi na nafasi iliyotajwa kwenye vipimo vya kasha.

Kuhusu hofu ya kuunguza: weka ubao juu ya boksi lake, ufunge prosesa, feni, ramu na SSD ukiwa nje, kwenye mwanga. Prosesa huwekwa bila kusukuma, pembetatu ya pembeni ielekeane na pembetatu ya soketi, ndipo ushushe mkono wa chuma. Mkono huo ni mgumu na hulia kidogo, ni kawaida. Ndani ya kasha, hesabu vile vinguzo vidogo vya shaba, kila kimoja kiwe chini ya tundu la ubao, kwani kilichobaki mahali pasipo tundu kinaweza kugusa mgongo wa ubao na kusababisha shoti. Usisahau plagi ya prosesa, pini nane, juu kushoto.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa huku feni zinazunguka. DDR5 inajipima na ubao wakati huo, kwa hiyo usizime. Nenda kanywe maji, urudi. Ikizidi robo saa ndipo uzime na kuzichomoa ramu uzirudishe mpaka zilie klik pande zote.

Kebo ya skrini iingie kwenye kadi, chini, si kwenye ubao. 7600 ina grafiki yake ndogo, hivyo picha itatokea hata ukikosea, na utashinda unalaumu kadi ambayo haijaguswa. Windows ikishaingia, fungua mipangilio ya skrini ubadilishe Hz 60 ziwe 165. Ukikwama, nitumie picha ya kasha likiwa wazi, kebo zote zionekane, na uniambie ni taa gani inayowaka kwenye ubao.