Bakuli la oveni limepasuka, kosa ni la moto?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina bakuli la kioo la oveni, chini limeandikwa kabisa linahimili joto. Juzi nimelitoa kwenye oveni nyuzi 200 nikaliweka kwenye sinki, kumbe kuna maji kidogo, likapasuka paa! Kioo kikipata moto sana si ndo kinakuwa dhaifu? Au niliuziwa feki?

JIBU: Pole sana dada, bora hukuumia. Feki sidhani, na moto wenyewe tusiusingizie, maana nyuzi 200 kwa kioo cha oveni ni kidogo mno. Chukua borosiliketi, kioo alichokibuni Mjerumani Otto Schott miaka ya 1880, hicho mpaka upite nyuzi 500 ndo kinaanza kulegea ndani kwa ndani, na kulainika hasa ni kwenye 820 hivi.

Kilichokuponza ni yale maji. Kitako kilipoyagusa kikataka kusinyaa hapohapo wakati mbavu na kioo cha ndani bado vina moto na havijasinyaa, kwa hiyo ile ngozi ya chini ikawa inavutwa huku na huku. Kioo ukikibana kinavumilia sana tu, ila ukikivuta hakina pa kukimbilia, hakinyumbuki kama chuma, kinaachia. Ndo maana kupoza ghafla ni hatari kuliko kupasha ghafla, ukipasha ngozi ya nje inabanwa na sio kuvutwa.

Sasa ubora wa borosiliketi uko hapa: kipande cha mita 1 ukikiongeza nyuzi 100 kinarefuka milimita 0.33 tu, cha dirisha kinafika karibu 0.9. Kadiri kinavyotanuka kidogo ndo kinavyojivuta kidogo. Lakini angalia, vyombo vingine vya oveni ni kioo kilekile cha kawaida kilichoimarishwa kwa kupozwa haraka kiwandani ili ngozi yake ibanwe muda wote, navyo vinaandikwa vinahimili joto, ila kwa mshtuko wa maji ya baridi mimi siviamini hata kidogo.

Halafu kuna mikwaruzo, hii watu wanaidharau sana. Steelwire ya kuoshea, kijiko cha chuma, kupanga vyombo kimoja juu ya kingine, vyote vinaacha alama, na ule mvuto wote unajikusanya kwenye ncha ya mkwaruzo mmoja, ufa unaanzia hapo. Tena unyevu unausaidia ufa kusogea polepole, ndo unakuta chombo kimekaa miaka kinapasuka siku ambayo hukukifanya chochote cha ajabu.

Ukinunua lingine, likitoka kwenye oveni liweke juu ya kitambaa kikavu kilichokunjwa au ubao, liache lipoe lenyewe. Kabla ya kulitumia liinue kwenye mwanga upitishe ukucha kwenye kitako, ukucha ukikwama mahali, hilo liwe la kuwekea vitu vya baridi tu.