Kujenga modeli ya protini ukiwa Pemba: jibu kwa aliyeuliza

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama mtu aliye Pemba, asiye na hadubini ya elektroni, anaweza kujifunza kujenga modeli ya protini kutokana na picha za hadubini hiyo. Anaweza. Mimi nilianzia Wete, nikiwa nafundisha baiolojia skuli ya sekondari, na picha sikuzipiga mimi.

Watafiti huweka picha zao ghafi kwenye hazina ya mtandaoni ya EMPIAR, ramani zilizokamilika (umbo la protini la pande tatu linalotokana na picha hizo) kwenye EMDB, na modeli, yaani mahali ilipo kila atomu, kwenye PDB. Zote ni bure. Programu ya RELION, inayogeuza picha kuwa ramani, nayo ni bure, na ina mafunzo yenye filamu 24 za beta-galaktosidase, kimeng'enya cha bakteria. Nilizipakua usiku mtandao ukiwa umetulia. Kama laptop yako haina GPU, ile chipu ya michoro inayoharakisha hesabu, usijitese na picha ghafi. Chukua ramani iliyokwisha tengenezwa.

Ila jua ramani inatoka wapi. Picha ghafi ukiifungua ni chenga tupu, kama televisheni isiyo na antena, kwa sababu elektroni nyingi huiunguza protini, basi hupitishwa chache tu. Kompyuta hukusanya maelfu ya vivuli vya protini ile ile, huvipanga kwa jinsi kila kimoja kilivyolala, kisha huvijumlisha. Chenga hufifia, umbo hujitokeza. Na hapo pana mtego. Richard Henderson, aliyepata Nobel mwaka 2017 pamoja na Jacques Dubochet na Joachim Frank, alieleza kwamba ukichukua picha 1,000 za chenga tupu ukazipanga kwa kuzilinganisha na picha ya Einstein, wastani wake unakutolea sura ya Einstein. Unachokitafuta utakiona, hata kama hakipo. Ndiyo maana RELION huzigawa picha mafungu mawili, kila fungu likajengwa peke yake, kisha ramani mbili zikalinganishwa.

Mtego huo huo ulinikamata kwenye modeli. Nilikuwa ndani ya Coot, programu ya kujengea modeli, ramani yenye uwazi wa karibu angstromu 3 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), nikipitisha mnyororo wa asidi amino, vipande vinavyojenga protini, kwenye heliksi moja, yaani sehemu iliyojizungusha kama springi. Ulikaa vizuri, nikafurahi, nikaendelea siku nne. Siku ya tano nikaona glisini, ambayo haina tawi la pembeni, imekaa penye nundu kubwa, na jirani yake triptofani, yenye tawi kubwa kuliko zote, haina hata kivimbe. Mnyororo wote ulikuwa umeteleza nafasi moja. Mama yangu hushona mikeka. Ukili ukisogea kidogo mwanzoni, mistari ya rangi haikutani mpaka mwisho, na dawa ni kufumua. Nilifumua heliksi tatu.

Siku hizi AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri umbo la protini, itakupa modeli ya kuanzia, nayo inasaidia sana. Lakini ni utabiri. Iweke ndani ya ramani, kisha pita asidi moja baada ya moja kwa macho yako. Tafuta triptofani kwanza, halafu fenilalanini na tairosini. Hizo ndizo nanga. Sehemu ambayo ramani haionyeshi kitu, iache wazi. Usiijaze kwa sababu unajua lazima kuna kitu.

Leo pakua ChimeraX, programu ya kutazamia ramani na modeli, chukua ramani ya protini iitwayo apoferitini kutoka EMDB na modeli yake kutoka PDB, uzifungue pamoja. Ukikuta tawi lisilokaa sawa, weka picha ya skrini hapa, tuiangalie sote.